Saa Moja na Nusu Kutoka Mwanza

Nyangeta, mama yangu,

Begi lako limefungwa tangu mchana. Mama yako amelikalia ili zipu ikubali, akalifungua tena kuongeza dagaa, akalikalia tena. Mambo ya kula, kuvaa, kusali na kujihadhari na watu wa mjini ameshakueleza, na najua ataendelea kukueleza mpaka Mwanza. Mimi sitayarudia. Nimekaa hapa barazani kwetu Mukendo, Musoma, jua bado lipo, nina karatasi za mitihani ya zamani ambazo nyuma ni tupu, na nina jambo moja la kukuambia. Barua hii usiifungue njiani. Isome ukiwa umefika, umeoga, umekula, na mlango umefungwa.

Kesho saa tisa alasiri utapanda ndege Mwanza kwenda masomoni, na saa kumi na nusu utakuwa Dar es Salaam. Ukipima kwenye ramani kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita mia nane na hamsini. Wanafunzi wangu wa darasa la saba nimewapa hesabu hiyo miaka yote: umbali, mwendo, tafuta muda. Wengi wanaipata. Mimi mwalimu wao niliikosa, na kukosa kwangu kulimuumiza mtu ambaye hakuwa na kosa lolote. Mtu huyo ndiye aliyekukatia tiketi.

Unakumbuka siku ile baba yako mdogo Magesa alipokuja na bahasha ya tiketi. Aliiweka mezani, akasema, "Mtoto hatapanda basi la kuzungukia Nairobi siku mbili. Saa moja na nusu tu, yuko Dar." Mimi nikasukuma bahasha, nikasema utakwenda kwa basi kama watoto wa wenzangu. Magesa hakubisha. Alivaa kofia yake akatoka. Ndipo wewe ukaniuliza, "Baba, kwani baba mdogo amekukosea nini? Kila anacholeta unakikataa." Mama yako alikukemea unyamaze. Mimi nikasema nakwenda kusahihisha madaftari, na madaftari yenyewe yalikuwa shuleni.

Hajanikosea kitu, mwanangu. Mimi ndiye nimemkosea. Nikueleze tangu mwanzo.

Ulikuwa na miaka minne. Ile ilikuwa miaka ya shida, ambayo unaisikia tukiizungumza wakubwa: sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, na magari yamepandishwa juu ya mawe kwa kukosa matairi. Mimi nilichaguliwa kwenda Dar es Salaam kwenye kozi ya walimu wa hisabati, miezi mitatu. Wewe na mama yako mlibaki kijijini kwetu Buswahili, upande wa Butiama, na mama yangu, bibi yako, ambaye nimekupa jina lake. Baba yangu alikuwa amefariki zamani. Mkubwa wa ukoo alikuwa kaka yake, babu yako Mafuru. Magesa, mdogo wangu wa mwisho, alikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili, hajaoa, analima na kucheza mpira.

Wenye kozi walisema sisi tuliotoka kanda ya ziwa tutarudishwa kwa ndege mpaka Mwanza, kwa kuwa treni zilikuwa zinajaa. Nilipopewa tiketi ile nilikaa nayo kitandani kama mtoto. Kwetu Buswahili hakuna aliyewahi kupanda ndege. Nikaandika barua nyumbani, na sikuandika kwa unyenyekevu. Niliandika kwamba nitakunywa chai ya asubuhi Dar es Salaam na chakula cha mchana nitakula Mwanza, na kwamba wakisikia mlio juu wajue ni mimi. Magesa alimsomea mama barua hiyo. Alimsomea mara nyingi, kila alipoombwa.

Halafu mama akaugua. Alianza na homa, ikashuka kifuani, na kwa siku chache tu hakuweza kusimama. Jumatatu alfajiri babu Mafuru alimtuma Magesa Musoma kupeleka telegramu. Alikwenda kwa baiskeli isiyo na breki, na asubuhi hiyohiyo telegramu ikapokelewa posta. Mimi niliipata Jumanne saa nne asubuhi, tukiwa darasani. Ilikuwa na maneno matatu: Mama mahututi njoo.

Sasa sikiliza nilichofanya.

Kulikuwa na mwalimu mwenzangu kwenye kozi ile, Zuberi, mtu wa Tabora, mcheshi, mfupi. Alikuwa na ruhusa ya kwenda kwao na jioni hiyo ya Jumanne alikuwa anapanda treni. Nilimwonyesha telegramu. Akaniambia, "Twende wote. Mimi nitashuka Tabora, wewe uendelee mpaka Mwanza. Tiketi hata kama hakuna, tutaongea na watu, tutabanana."

Nikamwambia, "Zuberi, mimi nina tiketi ya ndege, wataniruhusu kuitumia mapema. Kesho mchana niko Mwanza, wewe utakuwa hata Tabora hujafika."

"Ndege unayo uhakika nayo?"

Nikacheka. Nikachukua chaki, nikamwandikia ubaoni. Kilomita hizi, mwendo huu, jibu saa moja na nusu. Treni kilomita zaidi ya elfu moja na mia mbili, mwendo ule, jibu siku mbili kasoro. Nikapigia mstari chini ya jibu. Zuberi aliutazama ubao, akasema, "Hesabu yako ni nzuri, mwalimu. Ila mimi ninachokijua, treni ya leo ipo stesheni. Nimeiona." Akachukua mfuko wake akaenda.

Jumatano nilifika uwanja wa ndege kabla hakujapambazuka vizuri. Ndege ya Mwanza haikuwepo. Walisema kuna kifaa kinasubiriwa. Tuliambiwa tusubiri, kisha tuliambiwa turudi kesho. Alhamisi kifaa kilipatikana, mafuta yakawa hayatoshi. Hakuna wa kumlaumu, nchi nzima ilikuwa hivyo. Mle ukumbini kuna mzee mmoja aliinuka mchana, akasema anakwenda kutafuta basi au lori la kuelekea Singida, atafika tu hata kwa vipande. Alitutazama sote. "Nani anakuja?" Watu watatu walimfuata. Mimi nilibaki kwenye kiti. Nilikuwa na tiketi mkononi, Nyangeta. Nilikuwa nimeshaandika nyumbani kwamba nitakuja kwa ndege. Kila saa iliyopita ilinifanya nione kwamba nikiondoka sasa nitakuwa nimepoteza bure zile saa nilizokwisha kusubiri. Kwa hiyo nikasubiri zaidi.

Ijumaa asubuhi walituambia labda wiki ijayo. Jioni nikapanda treni.

Ndani ya behewa la daraja la tatu nilikaa sakafuni karibu na mlango, magoti kidevuni. Kulikuwa na mama mmoja anakwenda Malampaka, ana kikapu cha viazi vitamu vya kuchemsha. Alinitazama tangu Morogoro. Tulipovuka Dodoma akanigusa bega. "Baba, unalia nini?" Nikamweleza kuhusu mama. Hakusema pole nyingi. Aliniwekea viazi viwili mapajani. "Kula. Mgonjwa anataka mtu mwenye nguvu." Alinilisha hivyo mpaka aliposhuka, chakula ambacho alikuwa anawapelekea wanawe. Jina lake sikumuuliza. Kuna siku nikisali naanza na yeye.

Nilifika Mwanza Jumapili. Basi la kuja huku halikuwepo, hakuna dizeli. Jumatatu asubuhi nikapata lori lililokuwa linakwenda Bunda kuchukua pamba. Dereva wake aliitwa Sospeter, mtu mkimya, na kila mteremko alikuwa anazima injini tuteleze, kuokoa mafuta. Pale Bunda, tuliposimama sokoni, jirani yetu mmoja wa Buswahili aliniona. Alivua kofia kabla hajanifikia. Nikajua.

Mama alifariki Jumamosi alfajiri. Walinisubiri siku moja, wakamzika Jumapili.

Sospeter safari yake ilikuwa inaishia Bunda. Aliniona nimekaa chini kwenye vumbi la soko, akazungumza na yule jirani pembeni, akaja akaniinua. "Panda," akasema. "Nitakufikisha Butiama." Nikamwambia dizeli yake itaisha. "Dizeli ni ya kampuni, na mimi nitajua la kuwaambia. Panda." Mtu yule alihatarisha kazi yake kwa ajili ya abiria aliyemjua tangu asubuhi.

Njiani, ili anisemeshe tu, akaniuliza, "Telegramu uliipata lini?"

Nikajibu, "Ijumaa."

Sikupanga kusema hivyo. Neno lilitoka lenyewe, na lilipotoka likanipa nafuu, kama mtu aliyetua mzigo. Sospeter akatikisa kichwa. "Aa, sasa ungefanyaje. Ijumaa umepata, Ijumaa umepanda. Usijilaumu." Tulivyokuwa tunakaribia Butiama nililirudia moyoni, Ijumaa, Ijumaa, mpaka nikaanza kuliona kama kweli.

Nyumbani nilikuta watu wamekaa matanga. Mama yako alinipokea, wewe umemshika kanga. Nilikwenda kaburini, udongo bado mbichi. Niliporudi babu Mafuru aliniita mbele ya wazee wote. Sauti yake haikuwa ya ukali.

"Mwanangu, tulikungoja. Telegramu uliipata lini?"

"Ijumaa, baba."

Halafu nikaona vichwa vinageuka kimoja kimoja, vinamtazama Magesa. Alikuwa amesimama kwenye zizi na koleo mkononi. Wallahi sikuwa nimefikiria. Katika njia yote ile sikuwa nimefikiria kwamba kama mimi sikuchelewa, basi lazima yuko mwingine aliyechelewa.

Babu Mafuru akamwambia, "Nilikutuma Jumatatu. Ulipitia wapi?"

"Nilipeleka siku ileile, baba."

"Siku ileile, halafu ikachukua siku nne? Ulibakia Mukendo na mpira wako. Mama yako anakufa, wewe unachezaga mpira."

Magesa alinitazama. Hakuwatazama wao, alinitazama mimi. Nilikuwa na nafasi, mwanangu. Ilikuwa ni kufungua mdomo tu. Mimi nikainamisha kichwa, nikaanza kulia, na watu wakanishika wakasema mwacheni, ana uchungu.

Baadaye mama yako alinieleza jinsi siku za mwisho zilivyokuwa. Mama alikuwa ameomba kitanda chake kitolewe nje, chini ya upenu, ili asikie. Kila asubuhi alikuwa anawaambia watoto wanyamaze. Wewe ulikuwa unakaa miguuni pake, mnatazama juu wote wawili. Ijumaa mchana alipata nguvu kidogo, akanywa uji, akauliza, "Ndege imepita?" Kama ningepanda treni na Zuberi, Alhamisi ningekuwa Mwanza, na Ijumaa hiyo ningekuwa nimekaa pale. Hesabu hiyo nimeifanya mara nyingi kuliko hesabu yoyote ya shule. Haibadiliki jibu.

Baada ya hapo Magesa alikuwa mtu asiyetumwa. Hata chumvi alitumwa mwingine. Mwaka uliofuata alipotaka kuoa, babu Mafuru alikataa kwenda kumposea. Alisema hawezi kusimama ukweni kumdhamini mtu ambaye hakuweza kufikisha neno la mama yake. Mimi kaka yake ningeweza kwenda. Nilijificha nyuma ya babu, nikasema siwezi kumvuka mkubwa. Magesa alimwoa mama yako mdogo Wegesa bila mzee hata mmoja wa kwetu. Alipelekwa na marafiki zake wa mpira. Wazazi wa Wegesa walikubali kwa aibu, na miaka yote hii yule mama ameishi akijua kwamba kwa ukoo wa mumewe yeye hajapokelewa.

Walihamia hapa Musoma. Magesa alianza kubeba samaki mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha, kwa mgongo, kisha kwa baiskeli, na siku zilipofunguka na viwanda vikaanza kutafuta sangara, akapata mtumbwi, kisha mashine, kisha pikapu ile unayoijua. Alivyozidi kupata ndivyo alivyozidi kutuletea. Sangara wa Pasaka. Mabati ya jiko. Viatu vyako vya sekondari. Kila alicholeta kilikuwa kinanichoma, na mimi nikawa nakataa, nikijifanya ni heshima ya kaka mkubwa. Wewe ukaona ni kiburi. Hukukosea sana.

Hata Zuberi aliniandikia mwaka ule, kutoka Tabora. Karatasi moja tu, anauliza, "Mama anaendeleaje? Ulimkuta?" Sikumjibu. Ningemjibu nini? Nimepoteza rafiki mwema kwa sababu ya swali la mistari miwili.

Sasa nije kwenye mwezi huu, mambo ambayo wewe hukuyaona kwa kuwa tulikutuma Bunda kuwaaga wa upande wa mama yako.

Swali lako lilinikalia. Siku ya tatu niliamka, nikanyoa ndevu, nikaenda mwaloni. Magesa alikuwa anapima samaki na wenzake. Nilipomwambia nataka kusema naye, alinawa mikono, tukakaa kwenye mtumbwi uliopinduliwa kukaushwa. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Yaliyotoka ni haya: "Magesa, ile telegramu niliipata Jumanne."

Akasema, "Najua, kaka."

Nikadhani hajanisikia. Nikarudia.

"Nimesema najua. Ile siku ya matanga ulimpa mama Nyangeta koti lako alianike, lilikuwa limelowa jasho. Mimi ndiye nilikung'uta mifuko. Telegramu ilikuwemo. Ina muhuri wa Dar, Jumanne. Nikaikunja nikairudisha."

Nikamuuliza kwa nini hakuinua ile karatasi mbele ya wazee.

Aligeukia ziwa. "Mwanzoni nilitaka. Nilikuwa nayo mkononi, na mzee Mafuru amekaa palepale. Halafu nikakuona umekaa kaburini peke yako, unachimba udongo na vidole. Nikasema, ngoja, kaka atasema mwenyewe akishatulia. Nikangoja siku arobaini. Nikangoja mwaka. Usidhani mimi ni malaika, kaka. Nilikuchukia. Siku ile ninaoa bila mzee, nilikuchukia zaidi. Kuna miaka nilikuwaga naleta samaki kwako ili nikuone tu unavyokosa pa kuweka macho."

"Na sasa?"

"Sasa nimechoka. Alivyozaliwa wa kwanza wangu nikaanza kusahau. Na yule mtoto wako ananipenda bila kujua kitu." Halafu akacheka kidogo, lile cheko lake la puani. "Na nikwambie ukweli mwingine. Mpira nilicheza kweli. Telegramu nilipeleka kwanza, asubuhi. Halafu nikapita Mukendo nikacheza kipindi kimoja. Nilikuwaga nawaza, huenda ni adhabu ya kile kipindi."

Nikamwomba msamaha. Aliniambia kitu ambacho nataka ukisikie kama alivyokisema: "Mimi nimeshakusamehe, hiyo siyo kazi. Kazi ni Wegesa. Yeye hajui kuhusu telegramu. Anajua tu kwamba watu wetu walimkataa. Ukitaka kunipa kitu, nenda Buswahili kaseme."

Nilikwenda Jumapili, baada ya misa. Babu Mafuru unamjua alivyo siku hizi, macho yamekwisha, ila masikio yake ni mazima. Niliomba akae na wazee wengine wawili waliobaki wa siku ile. Niliposema, nilisema nimesimama, kama mwanafunzi. Jumanne. Zuberi. Ubao. Uwanja wa ndege. Koti. Sikuacha kitu.

Babu hakunikaripia, na ningependa angenikaripia. Alipapasa fimbo yake mpaka akaipata. Akauliza, "Magesa yuko wapi?"

"Yuko Musoma, baba."

"Nyumba yake iko wapi? Mimi sijawahi kufika."

"Mukendo, ng'ambo ya barabara kutoka kwangu."

"Nipeleke."

Nikamwambia kesho nitatafuta gari. Akasema, "Mimi kesho sina uhakika nayo. Nipeleke leo." Tukamwomba padri gari lake. Mzee huyo ambaye hajatoka kijijini miaka mingi alikaa mbele, ameshika dashibodi kwa mikono miwili njia nzima.

Mama yako mdogo Wegesa alikuwa uani anapepeta mchele. Alipoona namshusha mtu kwenye gari hakumtambua, kwa kuwa hajawahi kumwona ana kwa ana. Magesa alitoka ndani, akasimama mlangoni, akashika fremu. Babu alisema, "Mwanamke wa nyumba hii yuko wapi?" Wegesa akaja, akapiga goti, akamwamkia. Babu akamwekea mkono kichwani.

"Mimi ndiye baba mkwe wako," akasema. "Nilitakiwa nije kwenu kukuomba, sikuja. Mume wako hakukosa kitu. Sisi ndio tulikosa. Nimekuja kukuomba leo, kama bado unakubali kuolewa kwetu."

Wegesa, mama wa watoto wanne, alifunika uso na kanga. Nilidhani analia, na alikuwa analia, lakini katikati ya kulia akaanza kucheka. "Baba," akasema, "nimekubali. Ila ungekuja mapema ningevaa vizuri." Hata Magesa akacheka, na babu akacheka na ule mdomo wake usio na meno, na mimi nikatoka nje kusimama na gari la padri.

Mwanangu, ndiyo maana unapanda ndege kesho. Nimeipokea tiketi ile kwa mikono miwili, na nimemshukuru baba yako mdogo kwa mdomo wangu, jambo ambalo sikuwahi kufanya hata siku moja.

Nina mawili tu ya kukuachia, na si amri, ni vitu nilivyovipata kwa gharama. La kwanza, siku tutakapokuita, na siku hiyo itakuja, usiangalie kipi kina kasi. Angalia kipi kinaondoka. Panda hicho. La pili, ukikosa, sema siku hiyohiyo, hata kama sauti inatetemeka. Siku hiyohiyo kosa ni la mtu mmoja. Likilala, linatafuta wengine wa kulibeba.

Mengine yote yaliyomo moyoni mwangu jioni hii ni shukrani. Namshukuru mama wa Malampaka kwa viazi. Namshukuru Sospeter kwa dizeli isiyo yake. Zuberi nimemwandikia juzi, kwa anwani ileile ya zamani ya Tabora. Huenda haishi pale tena, lakini nimemwandikia. Namshukuru mdogo wangu, ambaye alinibeba miaka kumi na minne nikiwa mzima na miguu yangu. Na nakushukuru wewe kwa kuniuliza swali lile mezani. Mama yako alikukemea. Mimi ningekuomba uendelee hivyohivyo huko unakokwenda, uwaulize wakubwa.

Wegesa ametuma mtu kusema chakula ni kwake leo, kwa wote, na babu Mafuru bado yuko, amekataa kurudi Buswahili. Anasema kuku wa mkwewe ni wazuri na hana haraka. Amemkalisha Magesa karibu yake, na sasa hivi wanakuita wewe, ukachote maji ya kunawa. Nakuona kutoka hapa ukivuka barabara na birika.

Naweka kalamu chini, nije nikae nao.

Ni mimi baba yako.